Kitanda Kifupi Katika Nyumba ya Kupanga: Tathmini ya Fremu Niliyotengenezewa Keko

Karakana ninayoiandikia tathmini hii iko Keko, wilayani Temeke, katika safu ya mafundi samani ambao wakazi wengi wa Dar es Salaam huwaendea wanapohitaji kitanda, kabati au meza ya kulia. Kazi niliyowapa haikuwa ile waliyoizoea. Sikutaka kitanda kipya, wala sikutaka kitanda kilichopo kikatwe au kiongezwe mbao, kwa kuwa si changu. Nilitaka fremu inayojitegemea, yenye upana wa futi 5 na urefu wa futi 6 na nusu, itakayosimama mahali pa kitanda cha mwenye nyumba, huku kitanda hicho kikibaki kizima na tayari kurudishwa siku tutakayohama. Sasa fremu hiyo imepita msimu wa joto na masika, na naweza kusema kwamba kwa mpangaji aliyekabidhiwa kitanda kidogo hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine zote tulizozipima, ingawa huduma yenyewe ina kasoro ambazo mteja anapaswa kuzijua kabla hajatoa kianzio.

Nianze na vipimo, kwa sababu taabu yote ya kitanda kidogo imo humo. Vitanda na magodoro yetu huuzwa kwa futi: tatu kwa sita, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita na sita kwa sita. Upana hubadilika, lakini urefu hubaki futi 6, yaani takribani sentimita 183. Mtu wa kimo cha wastani haoni tatizo lolote hapo. Mume wangu ana futi 6 na inchi 2, sawa na sentimita 188, kwa hiyo hata kabla hajaweka mto, kitanda kimekwisha kuwa kifupi kuliko yeye. Upana nao haukutusaidia, kwa kuwa kitanda tulichokabidhiwa kilikuwa cha futi 4 kwa 6. Futi 4 ni sentimita 122. Wakigawana watu wazima wawili, kila mmoja hupata sentimita 61, ambazo zinakaribiana na upana wa godoro la kitanda cha mtoto mchanga. Hakuna mtu mzima anayeweza kujigeuza katika nafasi hiyo bila kumwamsha mwenzake.

Dalali anapoitangaza nyumba yenye samani hutaja idadi ya vyumba, tangi la maji, luku ya kujitegemea na uzio, kisha huongeza kwamba kitanda kipo. Vipimo vya kitanda havitajwi, na mpangaji anayetakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huwa na mambo mengi ya kukagua. Ndiyo maana naona ni haki suala hili lizungumzwe kwa uzito uleule tunaoupa uvujaji wa paa au mgawo wa maji, kwa sababu theluthi nzima ya siku ya mwanadamu hupita kitandani.

Kilichozidisha taabu kwetu ni ubao wa miguuni. Kitanda kifupi kisicho na ubao huo humruhusu mtu mrefu kutoa nyayo zake nje ya godoro, hali ambayo si raha lakini huvumilika. Chetu kilikuwa na ubao wa mninga mzito wenye nakshi nzuri, uliopanda zaidi ya futi moja juu ya godoro, na ulimlazimu mume wangu alale amekunja magoti usiku kucha au alale kimshazari, na kulala kimshazari kwenye upana wa futi 4 ni kumnyima mwenzako mahali pa kulala. Aliamka na maumivu ya kiuno asubuhi nyingi kupita kiasi. Tena kuna suala la chandarua, ambalo wengi hawalihesabu wanapozungumzia ukubwa wa kitanda. Chandarua hukinga vizuri pale kinapokaa mbali na ngozi. Mguu, kiwiko au bega likikigusa, mbu hupata nafasi ya kuuma kupitia matundu yake. Katika kitanda kidogo viungo hukisukuma chandarua muda wote, na katika jiji lenye joto na mbu kama letu, hilo ni jambo la afya na si la starehe peke yake.

Kabla ya kwenda Keko tulizipima njia nyingine. Kununua kitanda cha futi 6 kwa 6 ndiyo rai ya kwanza ambayo kila mtu huitoa. Chumba chetu, kilichoko Kijitonyama, kina futi 10 kwa 10, na ndani yake limo kabati lenye kina cha futi 2. Kitanda cha futi 6 kingetuachia njia ya futi 2 tu, na mlango wa kabati ungegonga godoro kabla haujafunguka wote. Kitanda cha zamani nacho kingekosa pa kwenda, kwa kuwa nyumba haina stoo na mwenye nyumba hakutaka kitoke. Juu ya hayo yote, kitanda cha futi 6 kwa 6 huongeza upana tu. Urefu hubaki futi zilezile 6, na mtu mrefu huendelea kukunja magoti katika kitanda cha bei kubwa zaidi.

Kutandika godoro sakafuni kunafaa wageni wanapokuja kwa usiku mmoja. Sponji ikilala moja kwa moja juu ya vigae hukosa hewa upande wa chini, jasho na unyevu hubaki humo, na wakati wa masika huota ukungu. Wapo pia wanaolaza plaiwudi pana juu ya kitanda kidogo ili godoro la futi 5 lipate pa kukaa. Gharama yake ni ndogo, lakini ubao unaozidi kitanda kwa nusu futi kila upande huweza kuinuka upande wa pili mtu anapoketi ukingoni, na plaiwudi isiyotobolewa matundu hurudisha tatizo lilelile la hewa. Kuukata ubao wa miguuni hatukukufikiria kabisa. Mali ni ya mtu, na isitoshe, katika vitanda vingi ubao huo ndio ulioshika matendegu mawili ya upande wa miguuni, kwa hiyo ukiuondoa umekiondolea kitanda kinachokibeba.

Mazungumzo na mama mwenye nyumba yalitangulia kila kitu, na ningemshauri mpangaji yeyote ayatangulize. Nilipomwamkia na kumweleza haja yetu, alisikiliza kwa makini kisha akasema, "Mwanangu, mninga wa kitanda hicho siku hizi haupatikani kwa urahisi. Kifungueni mkitaka, lakini kisitoke nje ya nyumba hii." Nikamwahidi, "Hakitatoka, mama. Kitakaa uvunguni, na siku tukihama utakikuta kimesimama kama ulivyotukabidhi." Tukapiga picha za kila ungio la kitanda kabla ya kulifungua, tukaandika karatasi fupi yenye orodha ya vipande vyake vyote pamoja na idadi ya bolti, na sote tukaitia saini. Utaratibu huo ulichukua muda mfupi sana, na umetuondolea wasiwasi wote ambao mpangaji huwa nao kuhusu mali asiyoimiliki.

Fundi tuliyempata Keko alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye macho makali kwa vipimo, na hilo ndilo lililonifanya niache kuzunguka kwa wengine. Nilimpelekea karatasi yenye vipimo vya kitanda, akaisoma, kisha akaniuliza swali ambalo karakana nyingine hazikuwa zimeniuliza. "Dada, hivi ni vipimo vya nje au vya ndani? Godoro halikai nje ya mbao." Alinieleza kwamba mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, yenye unene wa inchi moja na nusu hula inchi 3 za upana wote, kwa hiyo mteja anayeagiza kitanda cha futi 5 kwa kipimo cha nje huishia kulibana godoro lake la futi 5 mpaka lipinde kingo. Alitaka pia kujua upana wa mlango wa chumba, pembe za ngazi na mahali pa swichi ya taa. Kwa mtu anayetengeneza samani za chumba asichokiona, maswali hayo ni nusu ya kazi.

Tulikubaliana kwamba mifumbati na vitakizo, yaani mbao za mchagoni na miguuni, viwe vya mninga, na chaga zinazobeba godoro ziwe za msonobari. Mgawanyo huo una sababu. Mninga ni mbao inayotulia: ikikauka husinyaa kidogo sana, haipindi kwa urahisi, na hushika bolti bila kupasuka, sifa ambazo ndizo zinazotakiwa kwenye fremu itakayofunguliwa na kufungwa tena. Msonobari, ambao kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini kama Sao Hill wilayani Mufindi, ni mwepesi na wa bei nafuu, lakini ukitumiwa ukiwa mbichi hujipinda, na usipotiwa dawa hubunguliwa. Kwa chaga unatosha, mradi fundi akubali kuchagua mbao zilizokauka na zisizo na vifundo vikubwa. Hapo ndipo mteja anapopaswa kuwepo kwa macho yake mwenyewe. Ubao mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukiugusa hasa upande uliokatwa utahisi ubaridi wake.

Ubora mkubwa wa fremu hii uko kwenye maungio. Hakuna msumari hata mmoja unaounganisha mifumbati na vitakizo. Kila pembe imefungwa kwa bolti mbili na nati, na bolti hizo hufunguka kwa spana ya kawaida. Katikati, kutoka mchagoni hadi miguuni, inapita boriti yenye miguu yake miwili, na chaga zote huilalia. Boriti hiyo ilikuwa sharti langu, nami nisingekubali kuiacha, kwa sababu chaga yenye unene wa inchi moja inayovuka futi 5 bila tegemeo la katikati hupinda polepole, na watu wawili hujikuta wakiporomokea katikati ya godoro. Nafasi kati ya chaga na chaga fundi alitaka kuiacha kubwa ili kupunguza mbao. Nilimwomba isizidi inchi 3, akaongeza chaga kwa nyongeza ndogo ya bei. Godoro la sponji lililolazwa juu ya nafasi kubwa huzama katika nafasi hizo na kuchakaa kwa mistari, kwa hiyo nyongeza hiyo naiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Mifumbati imepanda inchi 2 juu ya chaga, kiasi cha kulizuia godoro lisiteleze bila kumuumiza mtu anayeketi ukingoni. Miguuni hakuna ubao wowote unaopanda. Uvungu una kimo cha futi moja, na ndani yake umo ubao wa miguuni wa kitanda cha mama mwenye nyumba, mifumbati yake na chaga zake, vyote vikiwa vimefungwa kwa mashuka makuukuu ili visikwaruzane na viendelee kupata hewa. Ubao wake wa kichwani tumeuacha umesimama ukutani nyuma ya fremu, ambako unaegemewa kama kawaida. Kwa kuwa una futi 4 na fremu ina futi 5, nusu futi hubaki wazi kila upande, na mwenye kupenda chumba kilicholingana ataona hivyo kila anapoingia. Mimi sioni kuwa ni kasoro ya kuilipia ubao mwingine.

Godoro lilihitaji fikra zaidi kuliko fremu, kwa sababu huwezi kwenda dukani ukaomba la futi 5 kwa 6 na nusu ukalikuta limepangwa tayari. Tulinunua la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8, kisha katika duka linalouza sponji za kukatwa tukaagiza kipande cha urefu wa futi 5, upana wa inchi 6 na unene uleule wa inchi 8. Kipande cha namna hii kinapaswa kuwa na ugumu unaokaribiana na wa godoro lenyewe. Kikiwa laini zaidi, panakuwa na bonde, na kikiwa kigumu zaidi, panakuwa na tuta. Wengi hukiweka miguuni kwa sababu ndiko urefu ulikopungua. Sisi tumekiweka mchagoni, chini ya mito, kwa sababu mto hulifunika ungio na uzito wa mwili, ambao uko zaidi kwenye mabega na nyonga, huangukia kwenye godoro zima. Godoro na kipande chake vimo ndani ya kava moja lenye zipu lililoshonwa kwa kipimo chetu na fundi cherehani wa mtaani, na tangu hapo havijaachana. Urefu wote umekuwa sentimita 198, sentimita 10 zaidi ya kimo cha mume wangu, na amelala amenyoosha miguu tangu usiku wa kwanza.

Shuka za kitanda cha futi 6 kwa 6 zinatosha kufunika na kuchomekwa, na chandarua cha kitanda cha ukubwa huo kinashuka pande zote bila kumgusa mtu. Cha zamani cha futi 4 tulimpa jirani.

Sasa niseme kasoro, na baadhi si ndogo. Fremu ilicheleweshwa mno kuliko tarehe tuliyokubaliana, na kila nilipopiga simu niliambiwa iko kwenye msasa, jibu ambalo baadaye nilielewa kwamba lilimaanisha kuwa kazi nyingine yenye malipo makubwa imeingizwa mbele ya yangu. Fundi mwenye ustadi wa kiwango chake hana haja ya kumficha mteja ukweli wa foleni yake. Angesema tangu mwanzo kwamba anahitaji muda zaidi, ningempa. Vanishi nayo ilipakwa karibu mno na siku ya kuleta mzigo, na harufu yake ilitulazimu kulala sebuleni huku madirisha ya chumba yakiwa wazi mpaka ilipokwisha. Mtu mwenye pumu asikubali kabisa kuletewa samani katika hali hiyo. Vichwa vya bolti vimejitokeza nje ya mfumbati na vinaumiza ugoko mtu anapopita gizani. Ilikuwa rahisi kuvizamisha ndani ya mbao na kuvifunika, nami nilitarajia kazi hiyo ifanyike bila kuombwa. Nati hulegea kidogo kidogo kadiri watu wanavyojigeuza, na fremu huanza kutoa mlio mpaka zikazwe. Risiti niliipata baada ya kuidai.

Kuhusu gharama, fremu peke yake ilitugharimu pungufu ya kodi ya mwezi mmoja wa nyumba yetu, na ilikuwa nafuu sana kuliko kitanda kamili cha mninga cha futi 6 kwa 6 katika karakana hiyohiyo, kwa kuwa kinachopandisha bei ya kitanda ni ubao wa kichwani, nakshi na ubao wa miguuni, mambo ambayo hatukuyahitaji. Godoro na kipande chake vilizidi bei ya fremu. Kianzio kilikuwa nusu, na nusu iliyobaki nililipa baada ya fremu kufungwa chumbani na watu wawili kuketi ukingoni, na ningemsihi kila mteja asilipe nusu hiyo ya pili pale karakanani. Vipande vyote vilitosha katika kirikuu kimoja, yaani gari dogo la mizigo, pamoja na godoro, navyo vilipita kwenye ngazi nyembamba za jengo letu bila kukwaruza ukuta, jambo ambalo kitanda kilichopigwa misumari kisingeweza.

Kuna wapangaji ambao singewaelekeza huko. Ambaye kitanda chake hakina ubao miguuni, na shida yake ni urefu tu, anaweza kutengenezewa benchi la kimo kilekile cha chaga, likawekwa miguuni na kubeba kipande cha sponji, kwa sehemu ndogo ya gharama hii. Anayelala peke yake kwenye futi 4 hana sababu ya kuongeza upana. Na wazazi wanaolala na mtoto mchanga nawaomba wasitumie godoro lenye kipande cha nyongeza hata kama kava limebana vizuri, kwa sababu mwanya wowote kati ya sponji mbili, au kati ya godoro na mbao, unaweza kumnasa mtoto asiyeweza kujinasua. Hao waagize godoro la kipande kimoja lililokatwa kwa kipimo cha fremu, wavumilie muda wa kulisubiri, na wampe mtoto mahali pake pa kulala.